Nowak: jina la mgeni linaloongoza Poland

Katika orodha za majina ya ukoo ambazo serikali ya Poland huzitoa kutoka PESEL, daftari lake kuu la wakazi, jina la kwanza ni Nowak. Linaongoza kwa wanaume, linaongoza kwa wanawake, na limeongoza miaka nenda miaka rudi. Wanaolibeba ni zaidi ya 200,000 katika nchi ya watu wapatao milioni 38. Wanaofuata ni akina Kowalski, kama 137,000 ukiwaweka pamoja wanaume na wanawake, halafu akina Wiśniewski.

Mtu akiziona tarakimu hizo, swali la kwanza linalomjia ni la udugu. Je, watu laki mbili hawa ni ukoo mmoja? Babu yao ni nani, na kijiji chao cha asili kiko wapi? Wajukuu wa wahamiaji walioko Chicago, Ujerumani na Ufaransa huuliza hivyo, na wapo wanaotumia fedha na miaka kutafuta jibu ambalo halipo. Kwa sababu hiyo nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa taratibu. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: hakuna ukoo wa Nowak. Kuna familia nyingi mno zisizo na damu moja, na kila moja ilipachikwa jina hilo na majirani kwa sababu mtu fulani alikuwa mgeni pale kijijini. Wingi wa jina unatupa habari za wakulima waliohama. Habari za babu mmoja aliyezaa sana hazimo.

Jina lilivyozaliwa

Shina lake ni nowy, yaani kitu kipya, likaongezwa kiishio -ak. Kiishio hicho huunda jina la mtu kutokana na sifa yake au mahali alikotoka. Upande wa Wielkopolska, jimbo la Poznań, kilitumika pia kumtaja mtoto kwa jina la baba yake, ndiyo maana majina kama Walczak na Szymczak yamejaa huko. Nowak, basi, alikuwa mtu aliyeingia juzi. Mara nyingi alikuwa mkulima aliyekabidhiwa shamba katika kijiji ambacho wenzake walikuwa wamekaa vizazi kadhaa. Wakati mwingine alikuwa kijana aliyeanza kujifunza ufundi mjini, na wakati mwingine mtu aliyebatizwa ukubwani. Jina limo katika kamusi kubwa ya majina ya watu wa Poland ya kale iliyohaririwa na Witold Taszycki, ambayo inakusanya majina yaliyoandikwa kabla ya mwaka 1500. Kwa hiyo si jina la majuzi.

Jambo moja linapaswa kushikwa hapa, maana uchambuzi wote unasimama juu yake. Jina kama hili mtu hajipi mwenyewe. Nyumbani kwake hakuna anayemwita mgeni. Wanaomwita hivyo ni wale aliowakuta, na wao hawahitaji kujua ametoka wapi wala baba yake alikuwa nani. Wanahitaji tu kumtofautisha na akina Jan wengine watatu waliopo kijijini. Kijiji cha pili, umbali wa saa moja kwa miguu, nacho kina mgeni wake, naye anaitwa vivyo hivyo. Hakuna aliyeiga kwa mwenzake.

Ushahidi kwamba jina lilizuka sehemu nyingi bila kuwasiliana unaonekana hata nje ya Poland. Ucheki nako Novák ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote, na Slovenia ni Novak vilevile. Hungaria lipo kwa wingi, likiwa limeingia kutoka kwa majirani Waslavi. Wasorbi, watu wachache wanaozungumza lugha ya Kislavi mashariki mwa Ujerumani, wanalo pia, na kwa Kijerumani likageuka Noack, ambalo utalikuta sana katika eneo la Cottbus. Kwa Waserbia neno hilohilo limekuwa jina la mtu binafsi, kama anavyoitwa mcheza tenisi Novak Djokovic. Nchi hizi hazikuwa chini ya mfalme mmoja wala hazikuwa na daftari moja. Zilichokuwa nacho kwa pamoja ni lugha zenye shina moja, na vijiji ambavyo watu waliingia na kutoka.

Mgeni alitoka wapi katika nchi ya waliofungwa kwenye ardhi?

Hapa pana jambo linaloonekana kupingana, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote katika kisa hiki. Kwa karne kadhaa mkulima wa Poland hakuwa huru kwenda atakako. Sheria za Piotrków za mwaka 1496 zilibana sana haki yake ya kuondoka kijijini. Mwaka 1520 shokoa, yaani kazi ya lazima bila malipo, kwenye mashamba ya bwana iliwekwa rasmi kuwa angalau siku moja kwa juma, na baadaye siku hizo zikazidi kuongezeka. Utumwa huo wa ardhi ulivunjwa na dola zilizokuja kuigawana Poland: Waprussia kuanzia 1807, Waaustria mwaka 1848, na katika sehemu iliyotawaliwa na Urusi wakulima walipewa ardhi mwaka 1864 tu. Sasa ikiwa mkulima alifungwa mahali pamoja, hawa wageni wengi kiasi cha kulifanya jina lao kuwa la kwanza walitoka wapi?

Walitoka kila upande, kwa njia ambazo sheria haikuzizuia au haikuweza kuzizuia.

Njia ya kwanza ni uanzishaji wa vijiji. Tangu karne ya 13 wafalme, maaskofu na mabwana walianzisha vijiji kwa utaratibu wa sheria ya Kijerumani. Walowezi waliitwa wakafyeke misitu, nao wakapewa miaka ya kutolipa kodi. Vijiji vingi vya Poland vinavyoitwa Wola vinakumbusha uhuru huo wa miaka ya mwanzo. Mlowezi aliyefika baada ya wenzake kutulia alikuwa mgeni wao.

Njia ya pili ni vita na tauni. Uvamizi wa Waswidi wa 1655 hadi 1660, ambao Wapolandi wanauita Gharika, uliacha mashamba mengi bila wenyewe. Nchi ilikuwa haijapona vizuri ikaja Vita Kuu ya Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 18, na tauni ikafuata nyuma yake. Vijiji vilivyozunguka Poznań vilibaki vitupu kiasi kwamba kuanzia 1719 mji ulialika familia Wakatoliki kutoka eneo la Bamberg, Ujerumani, zije kulima. Wazao wao wanaitwa Bambrzy hadi leo. Hao wa Bamberg wanajulikana kwa sababu walitoka mbali na mavazi yao yaliwatofautisha. Lakini kwa kila familia iliyotoka Ujerumani zilikuwapo familia nyingi za Kipolandi zilizohamishwa na bwana kutoka shamba lake moja kwenda jingine, au zilizokimbia bwana mkali na kupokelewa na bwana mwingine aliyehitaji mikono. Bwana aliyepungukiwa na watu hakuwa na haja ya kumhoji mtu aliyejitokeza mlangoni akiwa na jembe. Mkulima huyo alipewa kiwanja kilichokuwa kimeota magugu, na majirani wakampa jina.

Njia ya tatu ni ndoa. Mjane mwenye shamba hakuweza kuachwa hivihivi, kwa kuwa siku za shokoa zilidaiwa kwa shamba. Alitafutiwa mume, mara nyingi kutoka kijiji kingine. Mwanamume aliyeingia hivyo aliweza kuitwa Nowak. Lakini mara nyingine aliitwa kwa jina la shamba, yaani jina la marehemu mume wa kwanza, na watoto wake wakalirithi. Desturi hiyo ya jina kufuata shamba badala ya damu ilijulikana sana Silesia na Wielkopolska. Maana yake ni kwamba wapo waliozaliwa na akina Nowak ambao leo wanaitwa vingine kabisa, na wapo akina Nowak ambao mbegu yao haina uhusiano na Nowak wa kwanza wa shamba lile. Anayefikiri jina la ukoo ni bomba linalopitisha damu kutoka kizazi hadi kizazi bila kuvuja atakwama hapa.

Lini jina liliganda

Jina la utani halijawa jina la ukoo mpaka mtoto alirithi hata kama yeye mwenyewe amezaliwa palepale. Kwa makabaila wa Poland majina yalianza kuganda katika karne ya 15 na ya 16, mengi yakitokana na miji na vijiji walivyomiliki: mwenye Tarnów akawa Tarnowski. Watu wa mijini walifuata. Wakulima walikuja mwisho.

Mtaguso wa Trento, katika amri yake ya mwaka 1563, uliwataka maparoko waandike ndoa na ubatizo. Poland iliitikia, ingawa vitabu vingi vya vijijini vilivyosalia ni vya karne ya 17 na kuendelea. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kilatini, na padri alimpa kila mtu cheo chake. Kabaila aliitwa nobilis au generosus. Mtu wa mjini aliitwa honestus au famatus. Mkulima aliitwa laboriosus, mtu wa kazi. Ukiona laboriosus mbele ya Nowak, umekwisha jua hali yake kabla hujasoma mstari wa pili. Ndani ya vitabu hivyohivyo utamkuta mkulima mmoja, mwenye mke yuleyule na namba ileile ya nyumba pale ambapo nyumba zilikuwa na namba, akiwa Nowak kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza, mhunzi kwenye ubatizo wa mtoto wa pili, na jina la shamba kwenye wa tatu. Padri aliandika alivyosikia wasimamizi wa ubatizo wakimwita. Hakuona kosa lolote, kwa sababu jina bado lilikuwa mali ya kijiji.

Kilichokomesha hali hiyo ni dola za kigeni. Poland iligawanywa mara tatu, 1772, 1793 na 1795, kati ya Prussia, Austria na Urusi, na haikurudi kuwa nchi huru hadi 1918. Watawala hao wapya walitaka kodi, askari na mahakama, na kwa hayo yote walihitaji mtu mwenye jina lisilobadilika. Ndipo jina ambalo mkulima aliitwa siku karani alipofika likawa lake na la watoto wake moja kwa moja. Katika vijiji ambavyo watu walikuwa wamehamahama kwa miaka mia na hamsini ya vita na tauni, mtu wa kuitwa Nowak hakukosekana.

Makarani watatu waliandika kwa namna tatu. Galicia, upande wa Austria, kuanzia 1784 vitabu viliwekwa katika safu, kwa Kilatini, na jina mara nyingi likawa Nowak au Novak. Upande wa Urusi, kumbukumbu zilikuwa aya ndefu za Kipolandi kwa mtindo ulioletwa na sheria ya Napoleon mwaka 1808, halafu kuanzia 1868 zikaandikwa kwa Kirusi, kwa herufi za Kirusi: Новак. Upande wa Prussia, ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo zilifunguliwa mwaka 1874, zikaandika kwa Kijerumani, na baadhi ya makarani wakaongeza c: Nowack. Ndugu wawili waliotenganishwa na mpaka wangeweza kuishi maisha yao yote wakiwa na tahajia tofauti za jina moja.

Kuzisoma tarakimu bila kudanganyika

Kusema Nowak ni jina la kawaida Poland kunahitaji kipimo. Laki mbili katika milioni 38 ni mtu mmoja katika kila watu 190 hivi. Korea Kusini, akina Kim ni kama mtu mmoja katika kila watano. Vietnam, akina Nguyen ni zaidi ya robo ya watu wote. Poland ina majina ya ukoo mamia ya maelfu, na hata linaloongoza linashika sehemu ndogo tu. Ukiingia darasa la watoto 30 mjini Kraków, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna Nowak hata mmoja.

Halafu kuna suala la jinsi majina yanavyohesabiwa. Nowak linaongoza kwa sababu halikugawanyika sana. Mhunzi wa Poland, kowal, aliacha Kowal, Kowalski, Kowalczyk, Kowalik na Kowalewski, na kila moja linahesabiwa peke yake. Kowalczyk peke yake wanapita 90,000. Ukiwajumlisha na akina Kowalski, tayari wamewapita akina Nowak. Ni kweli kwamba Nowak nalo lina matawi: Nowaczyk, mwana wa Nowak, Nowacki, na Nowakowski, ambalo mara nyingi ni mtu wa kijiji kiitwacho Nowakowo au Nowakowice. Lakini shina lenyewe, bila kiishio cha ziada, ndilo lililobaki na watu wengi zaidi. Kwa hiyo nikiulizwa ni kazi gani au hali gani iliyoacha alama kubwa kuliko zote katika majina ya Poland, ningemtaja mhunzi kabla ya mgeni. Orodha ya PESEL haidanganyi, ila inajibu swali jingine.

Sura ya kike na ya kiume nayo huwachanganya wengi. Mume ni Kowalski, mke ni Kowalska, na mgeni wa lugha huona koo mbili. Nowak halina tatizo hilo kwenye kitambulisho: mume Nowak, mke Nowak. Zamani mke aliitwa Nowakowa na binti asiyeolewa Nowakówna, na sura hizo zimejaa katika vitabu vya parokia na kwenye makaburi ya zamani. Zaidi ya hapo, jina la mwanamume hunyambulika ndani ya sentensi. Kumbukumbu ikisema mtoto ni "syn Jana Nowaka", baba yake anaitwa Jan Nowak. Herufi a mbili zilizoongezeka ni sarufi tu. Wamekuwapo watafutaji walioingiza "Nowaka" kwenye mti wa ukoo wao kama jina la pekee, kisha wakashangaa kwa nini halionekani kwingine duniani.

Ramani

Nowak limesongamana Wielkopolska, Silesia na Małopolska, yaani magharibi na kusini. Likielekea kaskazini-mashariki, upande wa Podlasie, linapungua waziwazi. Sababu ninayoiona mimi si kwamba huko watu hawakuhama. Huko wakulima wengi walizungumza lugha zilizo karibu na Kibelarusi na Kiukraini, na majina yao yaliishia -uk au -czuk. Mgeni wa huko aliitwa kwa namna ya huko. Pia ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa makabaila wadogo waliokuwa na majina yao ya vijiji tangu zamani, wakarithishana mashamba bila kuhitaji watu wa nje.

Baada ya 1945 ramani ilivurugika. Poland ilisogezwa magharibi, Wajerumani wakaondolewa Wrocław na Szczecin, na mahali pao wakaingia watu kutoka mashariki na kutoka katikati ya nchi. Akina Nowak walioko Wrocław leo wamefika katika maisha ya babu na bibi zao. Jina lao halisemi lolote kuhusu Wrocław ya kale, kwa hiyo usitumie ramani ya sasa ya eneo hilo kutafuta asili.

Jina lililomficha mtu

Wingi wa jina umewahi kuwa na kazi yake. Zdzisław Jeziorański alizaliwa Berlin mwaka 1914. Wakati wa vita alijiunga na jeshi la siri la Poland, na kama wenzake wote alihitaji jina la bandia. Jina lake lilikuwa Jan Nowak. Kwa jina hilo alisafiri kama mjumbe kati ya Warszawa iliyokaliwa na Wajerumani na serikali ya Poland iliyokuwa London. Alirudi Warszawa siku chache kabla ya Maasi ya Agosti 1944, kisha akatoka tena na nyaraka kabla mji haujasalimu amri na taarifa zake zikafika London. Jeziorański ni jina adimu, linaloweza kumfikisha mpelelezi kwenye familia fulani. Nowak halikuelekeza kidole kwa yeyote. Tangu 1952 hadi 1976 aliongoza idhaa ya Kipolandi ya Radio Free Europe, redio ya Wamarekani iliyotangazia nchi za kikomunisti, kwa jina hilohilo, na wasikilizaji waliomfuata kwa siri nchini Poland walimjua kama Jan Nowak. Baadaye aliyaunganisha majina: Jan Nowak-Jeziorański. Akafariki Warszawa mwaka 2005. Nakitaja kisa chake kwa sababu kinaonyesha jina hili likihamia kwa mtu asiye na tone la damu ya Nowak yeyote, mbele ya macho ya taifa zima, na likabaki naye.

Tengeru

Wasomaji wa Arusha wanayajua makaburi ya Wapolandi yaliyopo Tengeru. Kuanzia 1942 karibu Wapolandi 20,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini kupitia Iran, baada ya kunusurika kambi na mashamba ya Siberia na Asia ya Kati walikokuwa wamepelekwa na Wasovieti tangu Februari 1940. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda na Kondoa, na Uganda zilikuwapo Masindi na Koja.

Watu hao walitolewa mashariki mwa Poland ya wakati ule, eneo ambalo kwa hesabu ya ramani niliyoieleza lilikuwa na akina Nowak wachache. Hata hivyo, wengi wa waliokamatwa katika wimbi la kwanza walikuwa walowezi: askari wastaafu waliopewa ardhi huko kwa sheria ya Desemba 1920, pamoja na wafanyakazi wa misitu. Walowezi hao walitoka katikati na magharibi mwa nchi wakiwa na majina ya huko. Kwa hiyo mtu anayesoma majina ya Tengeru ili kujua familia ilitoka wapi lazima atenganishe mambo mawili: kijiji walikokamatwa mwaka 1940, na kijiji babu alikotoka kabla ya 1920. Hati za kambi na za uhamisho hutaja zaidi cha kwanza. Majina yanayoishia -ski, -ak au -czyk yanadokeza cha pili, lakini ni dokezo tu. Na pale makaburini, ukimkuta mwenye -ski na mwenye -ska, usiwahesabu kuwa koo mbili.

Mtu mwenye jina tu mkononi aanzie wapi?

Tuseme mjukuu wa wahamiaji Marekani ana jina Nowak, jina la Kikristo la babu wa babu, na neno "Poland". Kwa hayo tu hawezi kufika popote. Kitu cha kwanza anachohitaji ni kujua babu alikuwa chini ya dola ipi. Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 iliwaagiza waandikishaji waonyeshe kama Mpolandi amezaliwa upande wa Ujerumani, Austria au Urusi, na kifupisho hicho kidogo kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa kinapunguza kazi kwa theluthi mbili, maana kinaonyesha lugha ya kumbukumbu na mahali zinapohifadhiwa. Kama babu alifika baada ya 1907, orodha ya abiria wa meli itakuwa na mahali alipozaliwa na jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Orodha hizo ziliandaliwa na kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea. Ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndio waliowabadilishia watu majina haina msingi. Nowak aliyegeuka Novak mara nyingi alijigeuza mwenyewe, au alibadilishiwa tahajia shuleni, kazini na parokiani, ndani ya miaka michache baada ya kufika.

Parokia ya Kipolandi aliyosali Marekani huwa na thamani kubwa kuliko ofisi za serikali. Padri Mpolandi aliyefungisha ndoa alikuwa na kawaida ya kuuliza parokia ya ubatizo, na aliweza kuiandika bila kuikosea. Kijiji kikishapatikana, mambo yanabadilika. Kwa upande wa Poznań upo mradi wa Poznan Project, ambao umeorodhesha ndoa za karne ya 19 za jimbo hilo. Kwa sehemu nyingine ipo Geneteka ya chama cha wanasaba wa Poland, iliyojazwa na watu wa kujitolea parokia kwa parokia. Nyaraka za taifa za Poland nazo zimeweka picha nyingi za vitabu kwenye intaneti bila malipo.

Akishafika hapo, asitafute Nowak. Atafute mke. Katika parokia moja ya Wielkopolska wanaweza kuwapo akina Jan Nowak watano wa umri unaokaribiana, lakini ni mmoja tu aliyemwoa mwanamke mwenye jina la ubini lililo adimu. Jina la mke, majina ya wasimamizi wa ubatizo na jina la kijiji kidogo ndani ya parokia ndivyo vinavyomtenganisha Nowak mmoja na mwingine. Akirudi nyuma kwa njia hiyo, kizazi kwa kizazi, anaweza kufika kwenye kumbukumbu ya ndoa ambayo bwana harusi, laboriosus fulani, ametajwa kuwa anatoka kijiji kingine. Jina la ukoo litakuwa halipo, au litakuwa tofauti. Watoto waliozaliwa baada ya ndoa hiyo ndio watakaoanza kuandikwa Nowak, na asili ya jina la familia hiyo itakuwa ndani ya parokia hiyohiyo, ndani ya miaka hiyo michache.